Olamuriaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Tunda, Mizizi na Miiba Yake

Nina kitalu kidogo cha miche ya asili kando ya barabara ya Namanga, ukishapita Ngaramtoni ukitokea Arusha mjini. Miche ya matunda ya kizungu inauzika upesi na haina maneno mengi. Olamuriaki ndio unaonisimamisha kutwa nzima nikijibu maswali, na katika watu kumi wanaouuliza, tisa wanataka mizizi. Tunda lenyewe hawajawahi kulitia mdomoni. Hilo linaniuma, kwa sababu mimi nimekua nikilila, na ndiyo sababu nimekaa chini kuandika haya.

Olamuriaki ni mmea gani hasa?

Ni kichaka cha porini chenye miiba, kibichi mwaka mzima. Mara nyingi utakikuta kimo cha mtu, lakini kikiachwa bila kukatwa hufika mita tano, hasa kikipata mti wa kuegemea. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana, magumu kama ngozi, na upande wa juu yanang'aa. Ukivunja jani au kijiti, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Maua ni meupe, madogo, na mgongoni yana wekundu wa mbali. Harufu yake ni kama ya asumini. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, pua itakupeleka kwenye kichaka kabla jicho halijakiona.

Tunda ni la mviringo, kama sentimita moja hivi. Huanza kijani, likawa jekundu, likaingia zambarau, mwishowe likawa jeusi. Ndani kuna mbegu bapa, mara nyingi mbili hadi nne.

Wataalamu wa mimea wanauita *Carissa spinarum*. Vitabu vya zamani vina *Carissa edulis*, na ni mmea ule ule. Neno *edulis* ni la Kilatini, maana yake ni kitu kinacholika. Aliyeupa jina hilo ni Pehr Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliyeukuta Yemeni na kufia huko huko mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775. Kuanzia Afrika kupitia Uarabuni na India mpaka Australia kichaka hiki kinaota chenyewe, na ninafurahi kwamba mtu yule wa mbali alikitazama kwanza kama chakula.

Kwa Kiswahili unaitwaje?

Mtandamboo. Ndivyo ulivyoandikwa kwenye vitabu vya mimea, na mkoani Arusha kuna wanaoona haya kulitamka mbele ya wazazi, kwa hiyo wanachukua jina la Kimaasai, olamuriaki. Wasonjo wa Loliondo wanauita mugariga. Ukifika kwangu na jina lolote kati ya hayo, nitajua unataka nini.

Je, ndio ule mti wa kikombe cha Babu wa Loliondo?

Ndio. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akigawa pale kijijini Samunge, Loliondo, dawa ya kunywa iliyochemshwa kwa mizizi ya mugariga, kikombe kimoja kwa shilingi 500. Aliyekuwa Arusha mwaka ule hajasahau. Landrova, Noah, mabasi, hata magari ya kubebea mchanga yalielekea huko yakiwa yamejaa wagonjwa, na foleni ya magari ikawa ya kilomita na kilomita. Wengine walifia njiani kabla ya kukifikia kikombe. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021.

Jambo ambalo halikusemwa sana wakati ule ni lililovipata vichaka. Nyuma ya boma la koko wangu, yaani bibi, kuna kilima cha mawe. Kilikuwa na vichaka kumi na viwili vya olamuriaki nilivyovijua kimoja kimoja, kwa sababu ndivyo tulivyogawana tukiwa watoto: hiki changu, kile cha kaka, kile cha mama mdogo. Mwaka ule walipita watu na majembe na sururu, hatuwajui hadi leo. Walipoondoka vilibaki vitatu. Vingine viling'olewa vyote, matawi yakatupwa pale pale yakiwa na matunda mekundu ambayo hayajaiva. Koko aliyaokota, akayatandaza juani kwenye gunia akidhani yataiva. Hayakuiva.

Basi mizizi yake inatibu au haitibu?

Nitajibu ninachokijua. Wamaasai na Waarusha wamechemsha mizizi ya olamuriaki tangu zamani. Inatiwa kwenye supu ya mifupa, wazee wanainywa kwa maumivu ya viungo, kifua na homa. Nimeinywa mwenyewe nikiwa mtoto, ni chungu na inanukia vizuri. Hiyo ni mila ya watu, ina watu wanaoijua kipimo chake, na siidharau.

Maabara nako wameichunguza. Mwaka 2006 watafiti wa Kenya walichapisha matokeo kwamba dawa iliyokamuliwa kutoka mizizi hii ilizuia virusi vya malengelenge, vile vya hapisi. Ilikuwa kwenye seli za maabara na kwenye panya. Kutoka kwa panya hadi kwa mama yako mzazi kuna safari ndefu, na safari hiyo haijakamilika.

Kuna pia jambo la kutia hofu. Katika mizizi hiyo hiyo wanakemia wamekuta kemikali za lile kundi linaloamrisha mapigo ya moyo. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za presha, na mama mjamzito, nawaomba wasichemshe mizizi hii kwa kukisia. Na hakuna ushahidi wowote kwamba inaponya UKIMWI, kisukari au saratani. Kama unakunywa ARV au unachoma insulini, endelea. Mteja akinijia na kuniambia ameacha dawa za hospitali ili ajaribu mizizi, simuuzii mche. Namtafutia bodaboda arudi kliniki.

Nimesikia kuna mti wa sumu unaofanana nao. Ni kweli?

Ni kweli kabisa, na kama utasoma jibu moja tu hapa, lisome hili.

Mti wenyewe ni msunguti, kwa Kimaasai olmorijoi, kwa wataalamu *Acokanthera*. Ni ukoo mmoja na olamuriaki. Nao una majani magumu yanayong'aa, yamekaa mawili mawili. Nao hutoa maziwa. Nao una maua meupe yenye wekundu na harufu tamu. Nao huzaa matunda yanayoiva rangi ya zambarau. Tena huota mahali pale pale, kwenye vilima vya mawe na kando ya misitu mikavu. Nimeona vichaka hivi viwili vimeshikana matawi huko upande wa Oldonyo Sambu, na asiyejua angechuma vyote akavitia kapu moja.

Msunguti ndio sumu ya mishale ya wawindaji wa Afrika Mashariki. Magome, mbao na mizizi huchemshwa mpaka ikabaki lami nyeusi, hiyo ndiyo inapakwa kwenye chembe ya mshale. Kilichomo ni uabaini, ambayo husimamisha moyo. Jina hilo la kikemia limetoka kwenye neno la Kisomali, waabaayo, na aliyeitenga mara ya kwanza kutoka kwenye mti huu ni Mfaransa Arnaud, mwaka 1888. Hata wanyama wameujua: kuna panya mkubwa wa manyoya marefu anayetafuna magome ya msunguti, kisha anajipaka mate yale kwenye manyoya ya ubavuni, na mbwa akimng'ata anaweza kufa. Miongoni mwa wanasayansi walioeleza jambo hilo mwaka 2011, mwaka ule ule wa kikombe, alikuwamo Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora.

Sasa tofauti.

Ya kwanza ni mwiba. Olamuriaki una miiba mikali, iliyonyooka, inayotoka penye majani. Msunguti hauna mwiba hata mmoja. Koko alitufundisha kwa maneno mafupi: "Usipochomwa, usile." Lakini angalia tawi lile lile unalochuma, maana kichaka cha jirani chenye miiba kinaweza kuwa kimeingiza matawi yake humo.

Ya pili ni maua. Ya olamuriaki yanakaa nchani mwa kijiti. Ya msunguti yamejibana kwenye makwapa ya majani, kando kando ya kijiti chote.

Ya tatu ni tunda. La msunguti ni kubwa zaidi, hufika hata sentimita mbili na zaidi, umbo lake kama zeituni, na lina mbegu moja au mbili. Hii ya ukubwa msiitegemee peke yake, kwa sababu tunda changa la msunguti linaweza kulingana na tunda lililoiva la olamuriaki.

Wapo watakaokuambia tunda la msunguti likiiva kabisa linalika. Nimewasikia. Sili, na watoto wangu hawali.

Mama, mwanangu amekula tunda la zambarau porini na sijui ni lipi. Nifanye nini?

Usingoje dalili. Mpeleke hospitali sasa hivi, na ukavunje tawi la mti aliokula, lenye majani na matunda, uende nalo. Usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa wala mafuta ya kula kwa kusikia tu kwamba yanakata sumu. Tawi hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo yako yote.

Tunda linaiva lini, na nitajuaje limeiva?

Huku kwetu matunda mengi huja baada ya masika, na mvua za vuli zikiwa nzuri tunapata tena kidogo. Mwaka wa ukame hupati kitu.

Tunda lililoiva ni jeusi lenye kuelekea zambarau, na ukilishika linabonyea kidogo. Liguse tu kwa kidole gumba: likiachia lenyewe, limeiva, likikatalia kwenye kikonyo, liache. Lile jekundu lina utomvu mwingi, litakugandisha midomo mpaka ucheke kwa shida, na ukali wake unavuta ulimi. Lililoiva unalila zima, ganda, nyama na mbegu. Ladha yake kwanza ni tamu kabisa, kisha inakuja chachu ndogo nyuma ya ulimi, na vidole vinabaki na rangi ambayo sabuni ya mche haiitoi siku hiyo. Tukitoka machungani koko alikuwa akitukagua vidole kabla ya kutuuliza mbuzi wako wangapi.

Utomvu ukigandia mikononi, paka mafuta ya kupikia kwanza, ndipo unawe.

Nitaupata wapi karibu na Arusha au Moshi?

Kwa upande wa Arusha, tafuta kwenye vilima vikavu: Monduli, Kisongo, Oldonyo Sambu, mpaka Longido. Unapenda mawe, vichuguu, na kingo za msitu. Kwa upande wa Moshi usipande juu kwenye vihamba vya migomba na kahawa, huko mashamba yamebanana mno. Shuka tambarare, upande wa Boma Ng'ombe na Sanya, uangalie mapori yaliyobaki kati ya mashamba.

Ndani ya hifadhi za taifa, Arusha au Kilimanjaro, hairuhusiwi kuchuma. Kwenye ardhi ya kijiji au boma la mtu, bisha hodi. Wazee hawakatai. Wanakataa mtu mwenye jembe.

Mbona sokoni silioni?

Kwa sababu halisafiri. Nimezunguka soko la Kilombero hapa Arusha na la Mbuyuni kule Moshi miaka yote, sijakuta fungu lake. Tunda laini namna hii ukilitia kwenye kiroba asubuhi, mchana limekuwa uji. Ukitaka kulibeba, chukua kikapu kipana, tandika majani, weka safu moja au mbili tu, na lile siku ile ile.

Naweza kulipika jemu?

Unaweza, na ni jemu nzuri kuliko ya dukani. Ninavyofanya mimi: kilo moja ya matunda, na humo nachanganya konzi mbili za yale mekundu ambayo hayajaiva sawasawa. Hayo ndiyo yanaishikisha jemu, huhitaji limau. Yaoshe, yatie kwenye sufuria na glasi moja ya maji, chemsha polepole huku ukiyaponda kwa mwiko mpaka yapasuke yote. Pitisha kwenye chujio ukikandamiza, mbegu na maganda yabaki juu. Kile kilichochujwa kirudishe motoni na sukari nusu kilo, au robo tatu kama nyumba yako wanapenda tamu.

Hapo usiondoke. Rangi itageuka kutoka zambarau ya vumbi ikawa nyekundu ya kung'aa, kama hibiskasi iliyokolea, na povu litapanda. Weka kisahani kwenye maji baridi, dondoshea tone moja, lisukume kwa kidole. Likijikunja, epua. Likitiririka, ngoja dakika chache ujaribu tena.

Jambo la kukushtua: sufuria itabaki na duara la gundi pembeni, ule utomvu. Usiisugue kwa steeli waya ikiwa kavu. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, itatoka yote. Mara ya kwanza sikujua, nikaharibu sufuria ya mama mkwe, na ilinichukua muda kumwambia.

Linafaa kiafya?

Ni tunda, lina vitamini C na sukari yake ya asili, na ile rangi ya zambarau ni ya jamii ile ile iliyomo kwenye zambarau na zabibu nyeusi. Mtoto akila konzi moja akitoka shule ni bora kuliko biskuti. Zaidi ya hapo sitaki kuliongezea sifa, mmea huu umeshabebeshwa sifa nyingi.

Nataka kupanda. Nianzie wapi?

Anzia kwenye tunda lililoiva. Kamua mbegu, zioshe kwa maji mpaka utelezi wote utoke, zianike kivulini siku moja au mbili, kisha zipande zikiwa mbichi hivyo hivyo. Usizitunze mwaka mzima kwenye pakiti. Natumia viriba vyenye udongo wa msituni, mchanga na samadi iliyooza. Mbegu inafunikwa kwa udongo mwembamba tu. Kwangu machipukizi huanza kuonekana wiki ya tatu hivi, mengine yanachelewa hata mwezi wa pili, kwa hiyo usimwage viriba mapema.

Wanaouliza vipandikizi: vinawezekana, ila vinachukua muda na vingi vinakufa. Mbegu ni nafuu.

Mche unakua taratibu. Wa mwaka mmoja bado ni mfupi na mwembamba, wateja wanauangalia kwa huruma. Upeleke shambani mvua zikianza, umwagilie msimu wa kwanza wa kiangazi, na uuzungushie matawi ya miiba, kwa sababu mbuzi wanayapenda majani yake. Ukishashika, ukame hauusumbui.

Unafaa kwa uzio?

Unafaa sana, kwa mwenye subira. Panda mmoja kila baada ya sentimita 60, na ukate ncha zake mara kwa mara ili ujazie chini. Afrika Kusini wanapanda uzio wa ndugu yake, *Carissa macrocarpa*, mwenye maua makubwa na tunda kubwa jekundu, na nyumba kadhaa za Njiro nimeuona umepandwa kama ua. Nao unalika ukiiva. Ila huo ni wa kuja, wetu ni huu wa porini, na ndege wa huku wanaujua.

Usikate uzio wote kwa wakati mmoja. Maua yanatoka nchani, kwa hiyo ukinyoa kote umenyoa na matunda ya msimu.

Huu ndio mchongoma?

Hapana. Mchongoma ni jina ambalo watu hulipa miti mingi ya uzio yenye miiba. Ukiambiwa tu "mchongoma", uliza uonyeshwe majani. Yakivunjwa yasipotoa maziwa meupe, si olamuriaki.

Unaniuzia mizizi?

Siuzi. Mwenye haja ya mizizi kwa mila yake, namshauri apande vichaka vyake, avingoje vikomae, kisha afukue upande mmoja, akate mzizi wa pembeni, arudishie udongo na kumwagia maji. Wazee walichimba hivyo, na kichaka kilibaki hai. Miche ninayo wakati wa mvua, na kwenye vile vichaka vitatu vya kilima cha koko ndiko ninakotoa mbegu. Mwaka huu kimojawapo kimeotesha watoto sita pembeni yake, nadhani ni kazi ya ndege. Nimewazungushia mawe.